Mchomo na Nafasi: Silaha Nyembamba katika Michezo ya Mzingile na katika Utendi wa Fumo Liyongo

Utangulizi

Sehemu hii inachambua silaha moja ndogo: upanga mwembamba, mwepesi, wenye ncha kali, unaoua kwa kuchoma na si kwa kufyeka. Upanga huo hupatikana katika michezo ya kidijiti yenye ulimwengu wa ajabu, hususani ile ya jamii ya Rogue, ambamo mchezaji huingia shimoni, huteremka ngazi baada ya ngazi, na akifa hurudi mwanzo kabisa. Silaha hiyo inalinganishwa na nyingine iliyo maarufu zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili, yaani kitu chembamba cha shaba, sindano au msumari kwa kutegemea masimulizi, kilichomuua Fumo Liyongo kwa kumchoma kitovuni. Hoja inayojengwa ni kwamba silaha zote mbili ni tafakuri juu ya nafasi iliyopo kati ya anayechoma na anayechomwa, lakini zinaipima nafasi hiyo kwa vipimo viwili tofauti. Mchezo unaipima kwa miraba. Utendi unaipima kwa udugu.

Ulinganisho huu una sababu. Michezo ya aina hii haiko mbali na msomaji wa Kiswahili. Shattered Pixel Dungeon, mchezo ulioendelezwa na Evan Debenham tangu mwaka 2014 kutokana na Pixel Dungeon ya Oleg Dolya ya mwaka 2012, huchezwa kwenye simu ya kawaida na hauhitaji intaneti ili uendelee. Abiria aliyekwama katika foleni ya Barabara ya Mwai Kibaki, Mikocheni, anaweza kuteremka ngazi mbili za shimo kabla daladala haijafika Morocco. Humo anajifunza jambo kuhusu ujasiri, hila na kifo, lakini anajifunza bila msamiati wa kihakiki wa lugha yake mwenyewe. Iwapo uhakiki wa Kiswahili utaendelea kuyaona mambo haya kuwa ya watoto, kizazi hicho kitaamini kwamba fikra juu ya shujaa, silaha na usaliti zilianzia kwenye kioo cha simu. Ilhali pwani yetu ilikuwa imekwisha kulijadili suala hilohilo, na kwa undani zaidi.

Istilahi na mkabala

Jamii ya michezo inayojadiliwa hapa imepewa jina kutokana na Rogue, mchezo uliobuniwa na Michael Toy na Glenn Wichman nchini Marekani mwaka 1980. Katika mchezo huo ulimwengu wote ulichorwa kwa herufi na alama za kompyuta, na kila jinamizi liliwakilishwa na herufi moja kubwa. Sifa mbili za Rogue zilirithiwa na michezo iliyofuata. Kwanza, shimo huundwa upya na kanuni za programu kila safari inapoanza, hivyo hakuna ramani ya kukariri. Pili, kifo hakifutiki: mhusika akifa, safari imekwisha. Katika sehemu hii michezo hiyo inaitwa michezo ya mzingile. Neno mzingile lina makao katika fasihi ya Kiswahili, kwani Euphrase Kezilahabi aliliteua kuwa jina la riwaya yake ya mwaka 1991, na linabeba maana mbili zinazohitajika hapa: njia zinazojizunguka na akili inayotafuta pa kutokea.

Mkabala unaotumika ni wa fasihi linganishi, ukisaidiwa na mawazo mawili kutoka katika taaluma ya michezo. Espen Aarseth, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alieleza kuwapo kwa matini ambazo msomaji hawezi kuzipitia bila kufanya kazi ya ziada, yaani kuchagua na kutenda, si kufumbua macho na kufunua kurasa tu. Ian Bogost, mwaka 2007, alishikilia kwamba michezo ina balagha yake, na kwamba balagha hiyo imo katika kanuni zaidi kuliko katika maneno. Kwa mujibu wa mtazamo huo, ili kujua mchezo unasema nini kuhusu upanga, haitoshi kusoma maelezo ya upanga. Inapasa kuuliza upanga unaruhusu nini, unakataza nini, na unamlipa mchezaji kwa tendo lipi.

Mraba mmoja mtupu

Kielelezo bora cha silaha hii kimo katika Brogue, mchezo wa Brian Walker uliotoka mwaka 2009. Humo mchezaji huteremka hadi ngazi ya 26 kutafuta hirizi, kisha hutakiwa kupanda nayo hadi juu. Miongoni mwa silaha anazoweza kuokota njiani ni upanga mwembamba wa kuchoma. Katika mapigano ya kawaida upanga huu hudhuru kidogo kuliko panga nzito. Thamani yake imo katika kanuni moja: iwapo kati ya mchezaji na adui kuna mraba mmoja mtupu, na mchezaji akapiga hatua kumwelekea adui huyo moja kwa moja, basi huchupa na kumchoma. Mchomo huo haukosi, na madhara yake ni mara tatu ya kawaida.

Kanuni hiyo ni fupi, lakini hubadili mwenendo wote wa mchezaji. Mwenye shoka humsogelea adui. Mwenye upinde humkimbia. Mwenye upanga mwembamba hulazimika kungoja mahali maalumu, asiwe karibu wala mbali, na kuhesabu hatua za mwenzake kama zake. Adui akija mbio na kuukanyaga ule mraba mtupu, nafasi imepotea. Mchezaji naye akisogea mapema, ameitupa mwenyewe. Kwa hiyo kinachotunzwa si upanga, bali utupu ulio mbele ya upanga. Kwa lugha ya Bogost, balagha ya kanuni hii ni kwamba mwenye nguvu ni yule anayejua kuusubiri utupu uwe wa kipimo chake.

Mwaka 2023 Shattered Pixel Dungeon nayo iliongezewa mhusika mpya, mwanamke mpiganaji wa ana kwa ana, ambaye huanza safari akiwa na upanga wa aina hiyo. Uwezo maalumu wa upanga wake ni uleule: kuuvuka mraba mmoja na kuchoma bila kukosa. Wabunifu wawili tofauti wanapofikia kanuni moja kwa silaha moja, inabainika kwamba kuna kitu katika umbo lenyewe la silaha kinachoidai kanuni hiyo.

Kitu hicho kina historia. Panga nyembamba za kuchoma zilienea Ulaya katika karne ya 16 na ya 17, zikivaliwa na waungwana pamoja na mavazi ya kiraia, mjini, mbali na medani za vita. Zilikuwa silaha za ugomvi wa watu wawili wanaojuana. William Shakespeare aliitumia sifa hiyo vilivyo: katika tamthilia ya Romeo na Juliet, Mercutio anachomwa kupitia chini ya mkono wa rafiki yake aliyekuja kusuluhisha, na jeraha lake ni dogo kiasi kwamba yeye mwenyewe analifanyia utani kabla ya kufa. Udogo wa jeraha, ukaribu wa rafiki na ukubwa wa msiba vinakutana mahali pamoja. Michezo ya mzingile imeurithi udogo wa jeraha na ustadi wa hatua, lakini rafiki hakuvuka pamoja nao.

Mshale, mkoma na umbali

Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 na kuhaririwa upya na M. M. Mulokozi katika Tenzi Tatu za Kale (1999), unamchora shujaa ambaye silaha yake kuu ni uta na mishale. Masimulizi ya nathari yaliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 yanathibitisha kwamba kisa hicho kilikuwa kikisimuliwa pwani miaka mingi kabla ya Kijumwa. Kinachohusu mjadala huu ni namna kisa kinavyoyapanga majaribio ya kumuua Liyongo kwa kufuata umbali.

Jaribio mojawapo ni la mkoma. Maadui wanamwalika Liyongo katika shirika la kula makoma, ambamo kila mmoja hupanda mti kwa zamu na kuwaangushia wenzake matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, atakuwa juu ya mti, mikono imeshughulika, na wao watakuwa chini na mishale yao. Liyongo hapandi. Anachukua uta na kuyaangusha makoma kwa mshale akiwa amesimama ardhini. Mkoma ni ndugu wa mkoche, mti uliolipa jina eneo la Mikocheni, na msomaji anayeufahamu urefu wa shina lake huiona hila hiyo kwa wepesi: maadui walitaka kumweka shujaa katika umbali walioupanga wao, naye akaukataa umbali huo kwa silaha ya mbali iliyo bora kuliko zao.

Tendo hilo lingeeleweka mara moja kwa mchezaji wa mzingile. Ni suala la nafasi, hesabu na silaha inayofaa. Liyongo wa mkoma ni mchezaji stadi: anasoma uwanja, anatambua mtego, anachagua kifaa. Laiti utendi ungeishia hapo, ulinganisho na mchezo ungekuwa ulinganisho wa mambo yanayofanana. Lakini utendi unaendelea mpaka mahali ambapo ustadi wa nafasi haumfai tena shujaa.

Sindano ya shaba na kitovu

Baada ya hila za mbali kushindikana, Sultani wa Pate anamwendea mtoto wa Liyongo, aliyezaliwa na mke wa jamii ya Waoromo, ambao utendi unawaita Wagala. Kijana anaahidiwa makuu. Anakwenda kwa baba yake na kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anashuku, na bado anajibu: silaha zote hazimdhuru isipokuwa shaba iliyochongoka, ikichomwa kitovuni. Kijana anapata silaha hiyo, anarudi, anangoja baba alale usingizi mzito, na anachoma.

Ukiipima kwa kanuni za Brogue, sindano hiyo si upanga wa kuchupa. Inakaribiana zaidi na silaha nyingine ya mchezo huohuo, jambia dogo, ambalo hupewa nguvu ya ziada dhidi ya adui aliyelala au asiyemtambua mshambuliaji. Tofauti hii ni ya msingi. Upanga mwembamba unahitaji mraba mtupu. Sindano inahitaji kwamba utupu wote uwe umekwisha kuondolewa, na wa kuuondoa si mchomaji, ni mchomwaji. Liyongo ndiye aliyemsogeza mwanawe karibu, akamjibu swali, akalala mbele yake. Mchezaji wa Brogue anayemnyatia jinamizi aliyelala ameiba ukaribu. Mtoto wa Liyongo amepewa.

Aidha, mahali pa mchomo si sehemu yoyote ya mwili. Katika Kiswahili, kusema kitovu cha mtu kimezikwa mahali fulani ni kutaja alikozaliwa na anakostahili kudai haki ya uenyeji. Kitovu ni kovu la kufungamana na mama. Mwana anayemchoma babaye kitovuni anakata mara ya pili uzi uliokwisha kukatwa mara moja, na anaukata katika mwelekeo uliopinduka: aliyezaliwa anamtendea mzazi lile lililopaswa kuwa kumbukumbu ya kuzaliwa.

Utendi wenyewe umeiandaa maana hiyo mapema. Liyongo alipokuwa gerezani, mama yake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate, kwa mkono wa kijakazi Saada, na kelele za ngoma ya gungu zikafunika mlio wa tupa ikila minyororo. Tupa na sindano ni vitu viwili vyembamba vya madini, vyote vimefichwa, vyote vinafika kwa shujaa kupitia mtu wa nyumbani mwake. Kimoja kinatoka kwa mama na kufungua. Kingine kinatoka kwa mwana na kufunga. Kati ya vifaa hivyo viwili imo hukumu ya utendi: wembamba wa kifaa hauna uadilifu wala uovu wa asili, kwani kinachoupa maana ni mkono ulioupitisha mlangoni.

Msomaji wa Kiswahili ameikuta hukumu iliyo karibu na hiyo katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1963. Kaizari aliyezunguka na majeshi katika nchi nyingi haanguki vitani. Anaangukia ndani ya jengo la baraza, kwa visu vya watu aliowaruhusu wasogee, na miongoni mwao yumo rafiki. Pale pia nafasi ya kimwili ilikuwa imekwisha kufutwa na imani.

Baada ya mchomo

Tofauti nyingine inajitokeza katika kinachofuata. Mchezaji akifa katika mzingile, habari hutolewa mara moja na kwa mstari mmoja: aliuawa na nani, katika ngazi ya ngapi. Kifo ni taarifa. Hakina shaka, hakina mashahidi, na shimo halibadiliki kwa ajili yake. Kitakachobadilika ni shimo la safari ijayo, ambalo lingebadilika vyovyote vile.

Liyongo anaamka na jeraha, anachukua uta wake, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti, anapachika mshale, na anakufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanamwona na hawathubutu kuteka maji. Siku zinapita, kiu inazidi, na mama anaombwa aende kumsihi mwanawe aliyekwisha kufa. Hadi mwili unapoanguka, mji mzima unaishi chini ya amri ya maiti. Hapa nafasi inarudi kuwa umbali: kati ya kisima na watu kuna utupu ambao hakuna awezaye kuuvuka. Mwana aliufuta umbali kwa usaliti, na baba aliurudisha kwa kifo chake. Malipo ya mchomo hayakuwa ushindi wa mchomaji, bali kiu ya jamii iliyomtuma.

Kwa hiyo kifo katika mchezo ni cha mtu mmoja, na katika utendi ni cha mji. Mchezo unamfundisha mchezaji kwamba gharama ya kosa ni safari yake mwenyewe. Utendi unamfundisha msikilizaji kwamba gharama ya mchomo mwembamba kabisa hugawanywa kwa watu wote wanaoteka katika kisima kimoja.

Pingamizi mbili

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba silaha ya mchezo ni tarakimu tu, na kuisoma kama ishara ni kuipa uzito isioubeba. Mchezaji huuchagua upanga mwembamba kwa sababu una faida, si kwa sababu una maana. Jibu ni kwamba faida ndiyo namna ambayo mchezo husema maana yake. Kanuni ya mraba mtupu humfanya mchezaji awe mtu wa namna fulani kwa muda wa saa kadhaa: mvumilivu, mwenye kuhesabu, mwenye kumtazama mwenzake kama umbali. Hiyo ni tabia, na fasihi imekuwa ikijishughulisha na tabia daima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba ulinganisho huu unaupendelea utendi, kwa kuwa unaudai mchezo mambo usiyokusudia kuyafanya. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Liko jambo ambalo mchezo hulifanya na utendi hauwezi. Msikilizaji wa utendi halazimiki kushika sindano. Humlaumu kijana akiwa ameketi kitako. Mchezaji, kinyume chake, ndiye mwenye mpini. Kila mchomo ni uamuzi wake, na kila kosa ni lake. Kwa kipimo cha Aarseth, kazi aliyoifanya imemhusisha na tendo kwa kiwango ambacho usikilizaji haukifikii.

Hata hivyo, nguvu hiyo imeachwa bila kutumiwa pale ambapo ingeuma. Brogue inamruhusu mchezaji kumfungua mateka minyororo, na mateka huyo humfuata na kupigana upande wake. Uhusiano upo, basi. Lakini mwandani huyo akimgeukia mchezaji, ni kwa uchawi wa muda, si kwa ahadi aliyopewa na adui wala kwa kinyongo. Usaliti ndani ya mzingile ni hali ya mwili, mithili ya homa. Hauna nia, na kwa hiyo hauna aibu. Upanga mwembamba umepewa hatua, kasi na hesabu, lakini haujapewa mtu wa kumwamini mwenye kuushika.

Hitimisho

Uchambuzi huu umebainisha nafasi tatu za kuua: ya mbali, ambayo ni ya mshale na mkoma, ya kati, ambayo ni ya mraba mmoja mtupu, na ya karibu kabisa, ambayo ni ya sindano na kitovu. Michezo ya mzingile imeifikisha nafasi ya kati katika ukamilifu wa kifani unaostahili kusifiwa bila kigugumizi. Katika nafasi ya karibu kabisa, ambako kinachopimwa si miraba bali haki ya mtu kumsogelea mwenzake, michezo hiyo bado iko nyuma ya utendi wa Lamu wa mwaka 1913.

Matokeo haya yana maana kwa pande mbili. Kwa wahakiki, yanaonesha kwamba dhana za nafasi, hila na udugu zilizomo katika tendi zetu zinatosha kuhakiki sanaa mpya za kidijiti bila kusubiri nadharia yote itoke nje. Kwa wabunifu wa michezo wa Dar es Salaam na kwingineko Afrika Mashariki, yanaonesha kazi ambayo haijafanywa: mzingile ambamo mchezaji atapewa sindano ya shaba, baba aliyelala, na ahadi ya Sultani, kisha aachwe achague, akijua kwamba kesho yake mji mzima utakuwa na kiu. Mchezo wa namna hiyo hautahitaji kumwambia mchezaji kwamba usaliti ni mbaya. Utampeleka kisimani na ndoo tupu, na utamwacha asimame mbele ya mtu aliyepiga goti, asijue kama yu hai.